Kizunguzungu cha mama kitaisha?

Pole dada. Umeuliza kama mama yako huko Kongwa, aliyeambiwa ana ugonjwa wa Ménière (maradhi ya sikio la ndani) upande wa kushoto, atakuwa na kizunguzungu maisha yote, na kama atakuwa kiziwi.

Kwa wengi kizunguzungu hupungua miaka inavyokwenda. Mwanzoni ndipo pagumu: shambulio la dakika 20 hadi saa 12, kutapika, sikio kuvuma na kuziba. Baadaye mashambulio huachana, ila mtu hubaki akiyumba, hasa gizani. Mimi ningehofia zaidi usikivu. Mwanzo hupotea na kurudi, halafu taratibu haurudi wote. Uziwi kabisa si kawaida, lakini kwa baadhi ya watu sikio la pili nalo huguswa, kwa hiyo apimwe yote mawili mara kwa mara kwa daktari wa masikio, pua na koo hapo Dodoma mjini.

Wachache huanguka ghafla wakiwa na fahamu zao. Bodaboda aiache, na kisimani asiende peke yake. Chumvi apunguze (mlenda unashuka tu). Akilegea upande mmoja au ulimi ukawa mzito, huo si Ménière. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.