Kwapa kuvimba kila ukikaribia hedhi: si lazima liwe jipu

Dada wa Nkuhungu, umesema uvimbe wa kwapani unakuja na kuondoka na hedhi, safari hii umekuwa mwekundu na unauma, na famasi wanakuzungushia antibiotiki tu, ukauliza pia kuhusu upasuaji. Mimi nimeyapitia hayohayo hapahapa Dodoma.

Langu lilikuwa kwapa la kushoto. Zahanati moja walilipasua kama jipu, kidonda kikakauka, hedhi iliyofuata likarudi. Kwingine wakahisi TB ya tezi, na siwalaumu, maana huku kwetu hiyo lazima ifikiriwe. Altrasaundi ndiyo iliyofumbua: ndani ni nyama ya titi kabisa, na kijifuko cha usaha katikati. Kile kidoa cheusi nilichodhani ni alama ya kuzaliwa, kumbe chuchu! Mtoto akiwa tumboni huwa na mstari wa matiti toka kwapani hadi kinenani. Sehemu kubwa hupotea, ila baadhi yetu hubakiwa na kipande, nacho huitika homoni kama titi lenyewe. Ndiyo maana huvimba kabla ya hedhi, kwenye ujauzito na wakati wa kunyonyesha.

Usaha ulivutwa kwa sindano, safari hii bila kupasua. Kisha daktari akaminya titi langu la kawaida, likatoka tone la maziwa, na mwanangu alishaacha kunyonya zamani. Hapo akaagiza kipimo cha mimba kwanza (usikatae, mimba nayo hupandisha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa), halafu prolaktini na homoni za tezi ya shingo (thairoidi). Prolaktini ilikuwa juu kwa sababu tezi ya shingo ilikuwa imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Nikaanzishiwa thairoksini, dawa ya kujazia homoni hiyo, prolaktini ikashuka, kwapa likatulia. Wengine hupandishiwa na dawa, mfano metoklopramidi ya kuzuia kutapika au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kwa hiyo mtajie daktari kila unachomeza.

Siku ya kutoa damu nenda asubuhi, kaa utulie kwanza, na usiwe umeyaminyaminya matiti. Wakitaka kuchukua kinyama cha kupima, kubali. Kansa hutokea humo mara chache, ila lazima shaka itolewe, na ya TB pia.

Upasuaji uliouulizia: mimi niliambiwa tusubiri uvimbe upoe kabisa, na mpaka leo sijafanyiwa. Homa ikikupanda au wekundu ukisambaa, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na wembe wa kwapani uweke kando kwa sasa.