Nenda Ulaya Watalii Wakishaondoka

Wengi wetu tukipanga safari ya Ulaya tunawaza Julai na Agosti, kwa kuogopa baridi. Ushauri wangu ni kinyume: nenda kati ya katikati ya Oktoba na wiki ya tatu ya Novemba, na uende miji mikubwa ya kusini. Roma, Florence, Seville, Lisbon. Baridi ya huko wakati huo haizidi sana ile ya asubuhi Njombe au Lushoto.

Kwamba hoteli hushuka bei, hilo kila mtu analijua. Faida kubwa kwangu ni nafasi. Roma ya Agosti joto linaweza kupita nyuzi 35, na pale Fontana di Trevi, ile chemchemi maarufu, utaona visogo vya watu kuliko maji. Novemba unafika mpaka ukingoni. Tena Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali ya Italia hayana kiingilio, hata Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi. Siku hiyo watu hujaa, kwa hiyo wahi.

Mvua ipo, sitakudanganya. Novemba Roma hunyesha sana. Ikianza, kimbilia Pantheon, hekalu la kale la Warumi ambalo sasa ni kanisa. Jengo lina karibu miaka 1,900, na juu kabisa ya kuba lake kuna tundu la upana wa karibu mita 9, halijafunikwa na chochote. Maji yanashuka moja kwa moja hadi sakafuni. Wamezungushia kamba watu wasiteleze, na ukiinama utaona vitundu vilivyotobolewa kwenye marumaru, maji yanapotelea humo. Nilisimama pale hadi mvua ikakatika. Anayekwenda Julai analipa kiingilio kile kile na huenda asione hata tone.

Halafu kuna chakula. Toscana, mkoa wenye mji wa Florence, huvuna zeituni msimu huo, na mafuta mapya ni ya kijani kabisa, yanawasha kooni. Wanayamimina juu ya mkate uliochomwa na kusuguliwa kitunguu saumu. Mkate wenyewe hauna chumvi, wala usiwaulize kwa nini.

Ukitaka fukwe, ahirisha. Visiwa vingi vya Ugiriki hoteli hufungwa Novemba na boti hupungua. Bahari si tunayo?

Mchana ni mfupi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na katikati ya Novemba jua la Roma linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Anza na vya nje asubuhi, makumbusho baadaye. Kwa wanaoswali, alasiri na magharibi zinafuatana upesi.

Koti usinunue huko. Kwenye masoko ya Karume au Gikomba makoti mazito ya mitumba yanauzwa bei ya kutupa, nani atayavaa kwenye joto la Dar? Mengi yalitoka Ulaya, unayapeleka tu kusalimia kwao. Hela weka kwenye viatu visivyopitisha maji, maana mawe ya barabara za Roma yakilowa yanateleza.

Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa safari ya Novemba, Agosti uwe umeshashika miadi. Bima ya matibabu ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi ukinyimwa, kwa hiyo chukua hoteli zinazokubali kughairi bila makato, na tiketi ya ndege iwe nafasi uliyoshika tu bila kuilipia hadi pasipoti irudi mkononi.