Mkuu wa Tabora, usimtoe kijana kwa kadi ya mzee

Ifute hiyo ofa leo. Kama mwenzako hajaijibu, bado una nafasi.

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: mkuu yuko Tabora, wanacheza ligi ya besiboli ya kadi na kete, Strat-O-Matic, timu nane, kila timu inabakiza wachezaji 14 kati ya 26 kabla mwezi haujaisha. Ana wazee watano na hajui abaki na yupi. Ameuliza pia achague nini raundi za mwanzo za drafti (kugawana wachezaji kwa zamu), na kama inafaa kubakiza warushaji wengi kuliko wapigaji. Halafu katikati ya maswali kapitisha sentensi moja kama jambo dogo: ametuma ofa ya kumtoa kijana wake anayelinda besi ya pili, miaka 23, apewe mpigaji wa besi ya kwanza wa miaka 36, kwa sababu kadi ya huyo mzee "inaua".

Mkuu, kadi haiui mwaka unaokuja. Kadi ni dagaa mkavu: inakuonyesha samaki alivyokuwa siku aliyovuliwa. Kila kadi ya Strat-O-Matic inatengenezwa kwa takwimu za msimu wa kweli wa Marekani uliokwisha kuchezwa, na mwaka unaofuata inakuja nyingine iliyotengenezwa kwa msimu mpya. Unapombakiza mchezaji hubaki na hiyo karatasi uliyoshika. Unabaki na mwili wa mtu aliyeko huko Marekani, na kadi zijazo zitaandikwa na magoti yake, mgongo wake na macho yake.

Kanuni yangu ni moja: mzee mlipie kadi moja tu. Kadi ya msimu ambao umeshamalizika, ambao takwimu zake unaweza kuzisoma kwa macho yako sasa hivi. Kadi ya pili, ile ya msimu ambao haujachezwa, usiitolee kitu chochote, hata chaguo la raundi ya mwisho. Mzee hapa namaanisha mpigaji wa miaka 33 kwenda juu. Mdakaji mhesabu mapema zaidi, maana kazi ya kuchuchumaa mechi 120 kwa mwaka inamla mtu.

Kanuni hii niliilipia kwa José Ramírez.

Hesabu ni hii. Mwanzoni mwa 2017 tulikuwa tunachezea kadi za msimu wa 2016. Miguel Cabrera wa Detroit alikuwa na wastani wa kupiga wa .316, homurani 38 (mipira aliyoipiga hadi nje ya uwanja), mechi 158. Ukiitazama kadi yake unaona herufi kubwa za homurani zimekaa kwenye namba nene, zile zinazotoka mara nyingi. Mnaojua kete mnanielewa: kete nyeupe ikitoa 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoa 4 hadi 6 unasoma ya mrushaji, na zile mbili nyingine unazijumlisha. Saba inatoka mara 6 katika 36. Kumi na mbili inatoka mara moja. Mtu mwenye homurani kwenye sita, saba na nane anakufanya usimame kila zamu yake ikifika. Ramírez wa Cleveland mwaka uleule alikuwa na wastani wa .312 lakini homurani 11 tu. Ukiziweka kadi mbili mezani, 38 kwa 11, biashara inaonekana ya haki kabisa. Nikatoa Ramírez, nikapokea Cabrera.

Ambacho sikukiandika popote ni umri. Ramírez alikuwa na miaka 24. Cabrera alikuwa anakaribia 34.

Msimu wa 2017 ukachezwa. Cabrera: wastani wa .249, homurani 16, mechi 130, na Septemba vipimo vikaonyesha diski mbili za mgongo wake zimetoka mahali pake. Ramírez: .318, homurani 29, na dabo 56, yaani mapigo ya kumfikisha besi ya pili. Msimu wa 2018: Cabrera akakatika msuli wa mkono Juni, akamaliza na mechi 38 na homurani 3. Ramírez akapiga 39 na kuiba besi 34. Kwa hiyo kadi zilizofika mezani kwetu ni 38 kwa 11, kisha 16 kwa 29, kisha 3 kwa 39. Nilinunua safu ya kwanza kwa bei ya safu zote tatu, na yule niliyempa Ramírez alipata safu mbili za mwisho bila kulipa.

Sasa angalia jambo linalofanya kosa hili liwe baya kuliko kumbakiza mzee wako mwenyewe akachoka. Ukimbakiza mzee wako na akaanguka, umepoteza nafasi moja kati ya 14, na mwakani unamwacha. Ukimtoa kijana ili umpate mzee, umepoteza nafasi hiyo, na pia umempa mpinzani mtu atakayekupiga miaka sita au saba mfululizo kwenye ligi yenye timu nane tu, ambapo mnakutana kila mara. Makosa haya mawili hayalingani hata kidogo. Ndiyo maana sikuanza na wazee wako watano.

Na mkataba mkubwa usikutie moyo. Detroit walimwongezea Cabrera miaka minane kwa dola milioni 248, mkataba ulioanza 2016 hadi 2023. Wengi tunasoma habari kama hiyo tukasema, kama wataalamu wenyewe wanamlipa mpaka awe na miaka 40, sisi ni nani. Mkataba ule ulihakikisha kitu kimoja: ataendelea kupangwa hata akipiga vibaya, kwa hiyo kadi itakuwepo. Haukuhakikisha kadi nzuri. Philadelphia walimwongezea Ryan Howard miaka mitano kwa dola milioni 125 mwezi Aprili 2010, wakati mkataba wake wa zamani ulikuwa bado unaendelea, hivyo ule mpya ukaanza 2012. Oktoba 2011, kwenye zamu ya mwisho kabisa ya mfululizo wa mtoano, akakatika mshipa wa kisigino akikimbia kwenda besi ya kwanza. Kadi yake ya 2011 ina homurani 33. Ya 2012 ina mechi 71 na wastani wa .219. Aliyekuwa anasoma habari za Oktoba aliiona kadi ya pili miezi mingi kabla haijachapwa. Ligi ikiwa na kikomo cha zamu za kupiga kulingana na msimu wa kweli, na nyingi zinacho, mechi 71 ni nusu mchezaji hata kama zamu zake zote ni nzuri.

Aliyeniambia nimchukue Cabrera ni mkongwe wa ligi yetu hapa Mwanga, Kigoma, mtu anayeheshimika, anayejua kadi za tangu miaka ya nyuma kwa kichwa. Akasema nyota wa kiwango kile hazami ghafla, anashuka pole pole kama jua la jioni ziwani. Alikuwa ananipa ushauri huo huku yeye ndiye mwenye kadi. Hilo bado linaniuma kuliko takwimu, kwa sababu anajua kwamba wanashuka ghafla, na ndiyo maana alikuwa anauza. Mkuu, umeandika kwamba huyo mwenye mzee wa miaka 36 "amenihakikishia ana misimu miwili mizuri tena". Muulize basi kwa nini hataki kuicheza yeye.

Na kuna hizo orodha za thamani ya kadi zinazozunguka mtandaoni, zinazopanga wachezaji kutoka wa kwanza hadi wa mia tatu. Zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaochagua timu upya kila mwaka, ambao hawabakizi mtu. Kwao miaka 36 na miaka 23 ni sawa, kwa sababu kesho wote wanarudi kwenye sanduku. Kwenye ligi ya kubakiza, orodha hiyo ikiwa mkononi mwako ni hasara tupu. Iache.

Watu wa Kigoma watanijibu kwa Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Kila nikisema habari ya umri, lazima mmoja anitajie Liemba: imeshushwa ziwani 1915, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Ni kweli, na naipenda meli ile kama mwana Kigoma yeyote. Lakini miaka ya 1970 ilitolewa injini za mvuke ikafungwa za dizeli. Kwenye besiboli anayeweza kufungwa injini mpya ni mrushaji peke yake, na hata yeye ni kiwiko tu. Justin Verlander alirusha mechi moja 2020, akafanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa kano ya kiwiko, 2021 hakurusha kabisa, na 2022 akiwa na miaka 39 akashinda 18, akapoteza 4, ERA 1.75 (wastani wa pointi anazofungwa kwa mechi nzima; ndogo ndiyo nzuri), akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora. Kadi ile ilikuwa ya ajabu. Lakini hata hapo kanuni inasimama. Baada ya msimu wa 2022 ungemlipia kadi ya 2022 na kumshukuru Mungu. Kufikia 2024 ERA yake ilikuwa 5.48.

David Ortiz ndiye mfano safi kuliko wote. Msimu wa 2016, akiwa na miaka 40, alipiga .315, homurani 38, dabo 48, akastaafu. Kadi moja nzuri sana, halafu hakuna kadi nyingine milele. Aliyembakiza kwa ajili ya kadi hiyo alifanya jambo sahihi. Aliyetoa kijana kwa ajili yake alinunua karatasi. Na Nelson Cruz, ambaye watu humtaja kunipinga: homurani 41 mwaka 2019, 32 mwaka 2021, mtu wa miaka 39 na 41. Vizuri. Mwaka 2022, .234 na homurani 10. Waliokwenda naye kadi moja moja walifurahi miaka yote hiyo na siku ya mwisho hawakudaiwa na mtu.

Wazee wako watano, kwa haraka.

Shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) wa miaka 34, mwache. Kadi ya mrushaji ina nafasi 108, na 30 kati ya hizo zinapelekwa kwa walinzi. Saba ni za shotistopu, sita za besi ya pili, ndizo nyingi kuliko nafasi zote. Mlinzi wa daraja la 1, la juu kabisa, anazigeuza kuwa auti, mpigaji anatoka. Akishuka hadi 3 au 4, na miguu ndiyo inayozeeka kwanza, mipira ileile inakuwa hiti, mpigaji anafika besi, na unalipa kila mrushaji anaporusha. Kabla ya kubishana nami nenda kaangalie kasi yake ya kukimbia kwenye takwimu za Statcast, mfumo wa ligi kuu ya Marekani wa kupima kasi za wachezaji na mipira. Wastani wa ligi ni futi 27 kwa sekunde. Kama alikuwa juu ya hapo na sasa yuko chini, daraja lake la ulinzi litafuata. Kumbuka pia kwamba kijana unayetaka kumtoa ndiye anayeshika zile nafasi sita.

Besi ya kwanza wa miaka 37, umesema anapiga kwa mkono wa kushoto. Soma kadi yake pande mbili, dhidi ya warushaji wa kushoto na dhidi ya wa kulia. Wengi wa aina yake huanza kupoteza upande wa warushaji wa kushoto, huku wa kulia ukibaki mzuri, na warushaji wengi ni wa kulia. Kama upande huo bado una homurani kwenye namba nene na anatembezwa (anapewa besi ya kwanza bure) vilevile kama zamani, mbakize mwaka huu, mpangie mwenzake wa kulia wa bei rahisi. Kadi moja.

Mdakaji wa 35: angalia mkono wake wa kutupa kwenye besi ya pili. Ukiwa umeharibika, wataiba besi mpaka uchoke. Mwache.

Mrushaji wa 38: kasi ya mpira. Ikishuka maili moja na zaidi kwa saa ndani ya mwaka mmoja huku straikauti (wapigaji anaowatoa kwa kuukosa mpira) zikipungua, hapo hakuna cha kusubiri. Ikiwa imesimama palepale na msimu uliopita alirusha ininga (vipindi vya mechi) za kutosha, chukua kadi yake.

Wa kufunga mechi, miaka 36, angalia kama ana mkataba. Asiye na timu wakati huu kwa umri huo anaweza asipate kadi nyingine kabisa. Lakini kadi iliyopo ikiwa nzuri, ininga 60 zake zinatosha kwa mwaka mmoja.

Turudi kwenye ofa. Kama kweli unamtaka yule wa miaka 36, mpe mwenzako chaguo la raundi ya nne, au huyo shotistopu wako kama ataingia mtego. Hiyo ndiyo bei ya kadi moja. Akisema ni kijana au hakuna, mwambie hakuna, mwache akae na mzee wake. Ukishaifuta ofa, andika hapa ili nipumue.