Kijana wa Stars ijayo ana miaka 11 leo: kwa walimu wa timu za watoto Mtwara

Taifa Stars ikifungwa, vijiwe vyote kuanzia Chikongola hadi Mikindani vinaimba kitu kimoja: vunja timu, ingiza damu changa. Sawa, ila damu changa itoke wapi? Mwaka 2019 Stars ilipoteza mechi zote 3 za AFCON kule Misri: 2-0 kwa Senegal, 3-2 kwa Kenya baada ya kuongoza mara mbili, na 3-0 kwa Algeria. Miezi miwili kabla, Serengeti Boys nao walikuwa wamepoteza zote 3 za AFCON ya vijana chini ya miaka 17, tena nyumbani Dar es Salaam, wakifungwa mabao 12. Dawa ilikuwa na ugonjwa uleule.

Wajerumani walishika mkia wa kundi lao Euro 2000 wakiwa na pointi 1. Wakafungua vituo zaidi ya 300 vya watoto nchi nzima na kuzibana klabu ziwe na akademi. Euro 2004 wakatolewa tena kwenye makundi. Kombe la Dunia lilikuja 2014, na mbele kabisa ya kikosi hicho kilichosifiwa kwa vijana alisimama Miroslav Klose, miaka 36. Kwa hesabu hiyo, mwalimu, mchezaji unayemdai TFF (shirikisho la soka la Tanzania) leo yuko chini ya mkorosho anapiga chandimu.

Anza na mpira. Watoto wa miaka 8 hadi 12 wapewe namba 4, ambao una gramu 350 hadi 390. Namba 5 ina 410 hadi 450, na mtoto mdogo akiupiga anaegemea nyuma na kutumia ncha ya kidole. Tabia hiyo haitoki ukubwani. Sindano ya pampu iloweshe kabla ya kuingiza, maana kavu inachana valvu, na mpira unaopumua usiku mmoja umekufa. Ukiwa na mipira 5 na watoto 20, wagawe wanne wanne. Ile foleni ya watoto 20 wakisubiri zamu ya kupiga golini ni mazoezi ya kusimama.

Usiwape uwanja mzima. Saba kwa saba, hatua 60 kwa 40, magoli ya mianzi yenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 2. Mchanga wa ufukweni unajenga nguvu, lakini dakika 20 mara moja kwa wiki zinatosha. Ukizidisha, misuli ya nyuma ya mguu na kano la kisigino vinalalamika. Halafu pasi ya chini haitembei kwenye mchanga, kwa hiyo watoto wanajizoesha kubutua juu. Pasi zifundishwe kwenye ardhi ngumu.

Sasa vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri. Ndondo, mashindano ya mtaani, ina mbuzi wa zawadi, mwalimu anaona kheri achezeshe kijana mwenye ndevu kwenye timu ya miaka 15. Anashinda mbuzi, na mtoto halali anakaa benchi mwaka mzima. Kijeba mwenyewe hafiki mbali: mashindano ya chini ya miaka 17 yanatumia MRI (picha ya ndani ya mwili) ya kifundo cha mkono, na mfupa ukionekana umeshaunga kabisa, anahesabiwa amezidi umri na anarudi nyumbani. Dai cheti cha kuzaliwa siku ya kwanza, siyo wiki ya mashindano.

Kuna dhuluma nyingine isiyoonekana. Umri unahesabiwa kuanzia Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Februari na aliyezaliwa Novemba wanacheza pamoja huku mmoja ana miezi 9 zaidi ya kukua. Panga daftari lako kwa mwezi wa kuzaliwa badala ya majina, kisha weka alama kwa wanaoanza mechi. Alama zikijaa Januari hadi Aprili, ujue unachagua miili, siyo vipaji.

Urefu upime kila miezi 3: mtoto pekupeku, mgongo ukutani, alama ya mkaa, futi kamba. Akiongezeka zaidi ya sentimita 2 ndani ya muda huo, punguza kuruka na mbio kali. Kati ya miaka 12 na 15 wengi hupata maumivu kwenye kinundu kilicho chini ya goti. Hapo wazazi hukimbilia kuchua kwa nguvu, na ndiyo kosa. Goti linataka kupumzishwa. Mtoto huyo huyo ataanza kujikwaa na kupoteza mipira ya wazi, kwa sababu miguu imerefuka kuliko alivyoizoea. Usimtoe kikosini kwa hilo.

Kalenda yetu ya Kusini haifanani na ya vitabuni. Oktoba hadi Desemba ni korosho, nusu ya timu iko shambani inaokota. Mvua inashika Desemba hadi Aprili. Likizoni kuna jando, na aliyetoka huko asicheze mpaka mhudumu wa afya aseme amepona. Kazi nzito iwe Mei hadi Septemba, siku 3 kwa wiki, dakika 75, kuanzia saa 10 na nusu jioni.

Akifika miaka 16, mpeleke kwa wakubwa, lakini wawili au watatu kwa mpigo, kila mmoja pembeni ya mkongwe. Beki wa pembeni mchanga akae karibu na beki wa kati anayejua kupiga kelele. Na siyo lazima Dar: klabu ya Namungo ya Ruangwa, Lindi, ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21.

Kipa muache wa mwisho. Hadi miaka 12 watoto wote wakae golini kwa zamu, mechi moja moja, kwa kuwa mfupi wa leo aliyewekwa golini eti hajui kukimbia anaweza kuwa ndiye namba 8 wako, kiungo wa kati.