Pembe ya yunikoni ikivunjika, huota tena?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na jioni huwa naandika hadithi za watoto. Kwenye hadithi niliyo nayo sasa kuna kijana anayemtunza yunikoni, yule farasi mwenye pembe moja, pamoja na joka lililofungwa mnyororo pangoni. Katikati ya hadithi yunikoni anavunjika pembe, kisha joka linaugua na kijana analichoma sindano ya ng'ombe. Niliwasomea watoto wa darasa la tano wakanibana: pembe itaota tena? Joka linakula mbuzi wangapi? Moto linautoa wapi? Nikabaki nimetoa macho. Najua wanyama hawa hawapo, ila nataka matunzo yao yawe na akili. Wangeletwa kwako, ungeanzia wapi?

JIBU

Marahaba, mwalimu. Wiki nzima nimejibu maswali ya kuku wenye mdondo, kwa hiyo lako nimelipokea kwa mikono miwili.

Nikiletewa yunikoni sianzi na pembe. Nainama kwanza nitazame kwato. Michoro ya Ulaya ya karne za kati mara nyingi humwonyesha yunikoni mwenye ndevu kama beberu na kwato zilizopasuka kama za mbuzi. Huyu wa siku hizi, wa kwenye mabegi ya shule, amekuwa farasi mtupu mwenye kwato nzima. Msomaji hataona tofauti kubwa, lakini kwangu mimi hao ni wagonjwa wawili wasiohusiana.

Mwenye kwato nzima ni jamaa ya punda. Hacheui. Majani yake huchachukia huku nyuma, kwenye utumbo mpana, na hawezi kutapika. Akila pumba nyingi kwa mkupuo tumbo linajaa gesi, anagaagaa chini kwa chango na anaweza kufa kabla hakujapambazuka. Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 8 za majani makavu kwa siku na lita 30 hivi za maji, tena anakula kidogo kidogo, mchana na sehemu ya usiku. Kijana wako hawezi kumwekea ndoo asubuhi akaenda vitani mpaka jioni. Na kama nchi yenyewe ina visubi wale wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, mnyama awe ameingia bandani kabla ya magharibi. Pundamilia huubeba ugonjwa huo bila kuonyesha dalili, lakini farasi wengi wakiupata hawamalizi wiki.

Mwenye kwato zilizopasuka anaweza kuwa mcheuaji, tumbo lenye vyumba vinne. Huyo anakula upesi, kisha anajilaza kivulini na kucheua kwa saa nyingi. Ndiye ningekushauri umchukue. Ana muda wa kukaa na kijana, na watoto watafurahi kumwona yunikoni akitafuna huku amefumba macho nusu.

Kwato hizo zilimponza mtu mmoja maarufu. Mwaka 1900 Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa Uganda, aliingia msitu wa Ituri, Kongo, kumtafuta mnyama ambaye Wambuti, wenyeji wa msitu huo, walimjua siku zote, na ambaye Wazungu walikuwa wakimsikia kwa mbali na kumwita yunikoni wa Afrika. Kichwani mwake Johnston alikuwa na picha ya farasi. Wenyeji wakamwonyesha nyayo, akaona zimepasuka mbili, akadhani wanampoteza njia kwa kumfuatisha pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Vipande vya ngozi alivyopata vilipelekwa London na mnyama akapewa jina la kisayansi la ukoo wa farasi. Fuvu lilipofika mwaka 1901 ndipo ikajulikana kuwa ni okapi, ndugu yake twiga, na kwamba wenye msitu walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Angeamini kwato asingepata taabu yote ile.

Sasa pembe. Hapa Kiswahili chenyewe kinatuchanganya kidogo, maana tunaita pembe karibu kila kinachochomoza kichwani, hata meno ya ndovu. Daktari lazima aulize ni pembe ya aina gani. Ya kifaru haina mfupa ndani. Ni dutu ileile ya kucha zako, na ikikatwa juu ya shina lake haitoi damu, inaota tena sentimita kadhaa kwa mwaka. Ya ayala, yule wa kwenye Zaburi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Ile pembe ndefu iliyosokotwa tunayoiona kwenye picha za yunikoni kwa kweli ni jino la narwhal, nyangumi mdogo wa bahari ya barafu ya kaskazini. Linaweza kufika mita 3, na kwa karne nyingi liliuzwa Ulaya kama pembe ya yunikoni, wakubwa wakililipia mali nyingi kwa kuamini linaondoa sumu. Jino hilo likivunjika, limevunjika.

Iliyobaki ni ya ng'ombe, nayo ndiyo inayokufaa kwa sababu ina maumivu. Nje ni gamba la kucha, ndani ni mfupa hai wenye damu, na kwa mnyama mzima mfupa huo una uwazi unaoungana na vijitundu vya hewa vya paji la uso. Ikivunjika karibu na fuvu, damu inaruka hadi ukutani (shati langu moja lilikwisha namna hiyo) na unaweza kuona pumzi ikitoka kwenye tundu. Haioti tena ikawa kama zamani. Kinachobaki ni kisiki.

Usiogope kwamba mnyama wa aina hiyo hawezi kuwa na pembe moja. Ndama anapozaliwa, chipukizi la pembe liko kwenye ngozi, bado halijashikamana na fuvu. Mwaka 1933 Franklin Dove, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Maine, Marekani, alichukua machipukizi yote mawili ya ndama dume wa aina ya Ayrshire mwenye umri wa siku moja akayahamishia katikati ya paji. Yakaungana, ikaota pembe moja nene, imenyooka. Kwa hiyo yunikoni mmoja amekwisha kupita duniani. Alikuwa fahali.

Tiba ya kijana wako basi iwe hivi: amfunge kichwa mnyama asikitikise, akandamize jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, alifunike ili nzi wasitage humo na mvua isiingie, na abadilishe bendeji kila baada ya siku chache. Usaha ukianza kutoka puani upande mmoja, uchafu umeshafika ndani. Na ukiamua kubaki na farasi, usisahau pepopunda. Jina lenyewe linakwambia ni ugonjwa wa nani, na jeraha chafu ndio mlango wake.

Tuje kwenye joka. Swali la kwanza: damu yake ni ya baridi kama kenge, au ya moto kama simba? Tuseme lina kilo 500. Likiwa la moto, nikipiga hesabu kwa kumtazama simba, napata kama kilo 14 za nyama kwa siku, yaani mbuzi mmoja kila siku. Likiwa la baridi, chakula kinashuka mara kumi hivi: mbuzi mmoja kwa siku kumi linaridhika. Kenge wa Komodo kule Indonesia, mwenye urefu unaoweza kufika mita 3, anaweza kumeza kwa mlo mmoja chakula cha hadi asilimia 80 ya uzito wake, halafu akakaa wiki nyingi amelala juani. Mbuzi 365 kwa mwaka au 36: kijiji cha hadithi yako kinaweza kumudu lipi? Mimi ningechagua la baridi, kwa huruma ya wafugaji.

Kilo 500 haziruki, hilo nalo ujue. Kiumbe kizito zaidi kinachokisiwa kuwahi kuruka, mtambaazi wa kale Quetzalcoatlus, anakadiriwa kilo 200 hadi 250, mabawa yakitandazwa yanafika mita 10 au zaidi. Joka la kuruka liwe jembamba, mifupa yenye hewa, na likishamla mbuzi lisiruke. Tumbusi aliyevimbiwa hutapika ili aweze kuondoka akishtuliwa. Hicho ni kituko kizuri kwa darasa la tano.

Moto ndio ulionifurahisha. Gesi inayowaka tunayo tayari, na inatoka kwa walaji majani. Ng'ombe mmoja anatoa methani kati ya lita 250 na 500 kwa siku, nyingi kwa kupiga mbweu. Mwaka 2014 banda la ng'ombe 90 huko Rasdorf, Ujerumani, lililipuka kwa gesi yao wenyewe. Mla nyama hatoi kiasi hicho hata kidogo. Kwa hiyo joka linalotema moto kwa kweli linapaswa kula majani. Kama unalitaka la mbuzi, liige mdudu mlipuzi, mbawakawa mwenye vifuko viwili vya kemikali nyuma ya tumbo: akivichanganya, kioevu kinachemka hadi karibu nyuzi 100 na kufyatuka kwa mlio. Hapo hakuna mwali wa moto, ila kuunguzwa utaunguzwa.

Kuhusu ugonjwa wake, nadhani naujua bila kuliona. Umeliweka pangoni. Mtambaazi asiyepata jua hatengenezi vitamini D ya kutosha, madini ya kalsiamu hayashiki, na mifupa inalainika. Ukimlisha steki tupu bila mifupa unazidisha. Joka lako lina matege, mwalimu, na taya la mpira. Mpe mbuzi mzima, na mifupa yake. Tazama pia vidole linapojivua gamba. Ngozi ya zamani ikibaki kama pete hukata damu na kidole kinakufa.

Ile sindano ya ng'ombe iondoe kabisa. Dawa ya minyoo ya aivamektini, inayouzwa kila duka la pembejeo, huua kobe. Wala uzito peke yake hautoshi kupigia kipimo. Mwaka 1962, Oklahoma City, tembo dume aitwaye Tusko alidungwa miligramu 297 za LSD, dawa inayovuruga akili, kipimo kilichokokotolewa kwa kilo kutoka kwa paka, naye akafa kabla ya saa mbili kupita.

Kisha kuna baridi. Dawa haifanyi kazi inavyopaswa ndani ya mtambaazi aliyepoa, na kinga yake pia inasinzia. Mjusi mgonjwa mwenyewe hutafuta mahali pa moto. Majaribio ya miaka ya 1970 huko Marekani yalionyesha mijusi walioambukizwa bakteria hufa kwa wingi wakizuiwa kujipasha joto. Kwa hiyo tiba ya kwanza ya joka lako ni kutolewa nje kwenye jua, kabla ya sindano yoyote, na ili litoke lazima mtu afungue ule mnyororo. Nani ataufungua, na kijiji kitasemaje, hilo ni lako wewe na darasa la tano.