Kuvu Inayomrudia Aksoloti Kila Baada ya Wiki Chache

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Binti yangu wa miaka 12 anafuga aksoloti, mnyama wa majini wa jamii ya salamanda, hapa Leicester, Uingereza. Tangu mwezi wa Mei mnyama huyu ameota mara nne vinyweleo vyeupe kama pamba kwenye matamvua yake. Dukani walituambia ni fangasi, tumwogeshe maji ya chumvi. Tukifanya hivyo anapona, lakini baada ya wiki mbili hivi hali inarudi ile ile. Sidhani kama ni uchafu, kwa sababu kila Jumamosi tunamwaga maji yote na kuosha tangi, changarawe na sifongo ya kichujio kwa maji ya moto ya bomba. Tunakosea wapi?

Mama msomaji, Leicester

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kueleza hata namna mnavyosafisha tangi, maana jibu limo humo.

Pamba hiyo kwa kawaida husababishwa na vimelea vya jamii ya Saprolegnia, ambavyo tumezoea kuviita kuvu ingawa wanasayansi wameviweka katika kundi lao peke yake. Vimo karibu katika kila maji yasiyo ya chumvi, na aksoloti mwenye afya hukingwa dhidi yavyo na ute wa ngozi yake. Vikimshika mara nne tangu Mei, basi kuna kitu ndani ya maji kinachoudhoofisha ute huo.

Ule utelezi wa kahawia mnaouosha kwenye sifongo ndio makao ya bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Maji ya moto yenye klorini huwaua, amonia ikajaa na kuyaunguza matamvua, na kuvu ikapata pa kushika. Bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 8 kujijenga upya, nanyi mnawabomolea nyumba kila Jumamosi. Kuanzia sasa ikamueni sifongo ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, taka kubwa zidondoke, kisha irudisheni ingali kahawia. Badilisheni robo tu ya maji kwa wiki, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini, na mnunue vipimo vya maji: amonia na nitriti zisome 0. Changarawe iondoeni kabisa, kwani aksoloti huimeza anapokula.

Nimeuzingatia pia mwezi ulioutaja, Mei, joto linapoanza kupanda huko Uingereza. Asili ya mnyama huyu ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, Meksiko, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yanayomfaa ni ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Yakipita 24 anateseka, na kinga yake hushuka wakati huo huo ambapo chakula kilichobaki kinaoza upesi. Wekeni kipimajoto, liondoeni tangi karibu na dirisha, na siku za joto elekezeni feni juu ya uso wa maji.

Kwa sasa mhamishieni kwenye beseni safi lenye kifuniko kinachopitisha hewa, na kila siku mbadilishe maji yote kwa maji yasiyo na klorini na yenye ubaridi ule ule, mpaka vipimo vya tangi vitulie. Kumwogesha maji ya chumvi isiyo na madini joto, vijiko 2 vya chai kwa lita moja, dakika 10, mara mbili kwa siku, kwa siku 3, inatosha. Msizidishe dakika 15, kwa kuwa chumvi nayo huyaumiza matamvua yale yale mnayotaka kuyaponya. Nawasihi msiing'oe pamba hiyo kwa kibanio. Mwambie binti asivunjike moyo, kwani matamvua yaliyoliwa huota tena.

Ikiwa baada ya siku 4 pamba bado inaenea, au ngozi imekuwa nyekundu, au anakataa kula minyoo mnayomlisha, mpelekeni kwa daktari anayetibu amfibia, akiwa ndani ya chombo cha maji baridi, na mchukue chupa ndogo ya maji ya tangi ili nayo yapimwe.