Kahawa "na" maziwa: viunganishi vya Kicheki vilivyonigharimu

Wiki yangu ya tatu mjini Brno, Jamhuri ya Cheki, niliingia mkahawani, nikajikaza, nikasema: "Kávu a mléko, prosím." Dada wa kaunta akaitikia kwa adabu, kisha akaniletea kikombe cha kahawa nyeusi na, pembeni yake, glasi ya maziwa baridi imejaa pomoni. Ningelalamika nini? Ndicho nilichoagiza. Nikanywa vyote na nikalipia vyote.

"A" ni "na", hilo sikukosea. Lakini "a" inaunganisha vitu ambavyo kila kimoja kinasimama peke yake: já a sestra, mimi na dada yangu. "Na" yetu ni punda wa mizigo mingi. Hiyo hiyo ndiyo tunayotumia kusema "naenda na rafiki". Wacheki mzigo huo wa pili wameupa neno jingine, "s", tena nomino inayofuata inabadilika mwishoni: káva s mlékem, jdu s kamarádem. Na kama vile hiyo haitoshi, Kicheki nacho kina neno "na", ila maana yake ni "juu ya" (na stole, juu ya meza). Mwezi mzima macho yangu yalikuwa yakiliona kwenye mabango na kulisoma Kiswahili.

Wengi wetu tunajifunza Kicheki kwa kupitia Kiingereza kwa sababu kamusi ya Kiswahili na Kicheki si kitu unachokiokota dukani. Sawa, lakini ukifika kwenye viunganishi, weka Kiingereza kando kidogo. Kiswahili chako kinakusaidia zaidi, ila usitafute neno kwa neno. Viunganishi vyetu vingi vimejificha ndani ya kitenzi: -ki-, -po-, -nge-. Huko ndiko kwa kutazama.

Chukua "když". Ukisimulia yaliyopita, ni -lipo-: Když jsem přijel do Brna, neznal jsem nikoho, nilipofika Brno sikumjua mtu. Ukisema jambo la kawaida, ni -ki-: Když prší, jedu autobusem, mvua ikinyesha napanda basi. Raha mustarehe. Balaa liko kwenye wakati ujao. Mwezi mmoja mshahara ulichelewa, nikamwandikia mama mwenye nyumba: "Když dostanu peníze, zaplatím." Kichwani nilikuwa nimesema "nikipata pesa nitalipa", lugha ya mtu mstaarabu. Haikupita dakika tano simu ikaita. Una maana gani, "ukipata"? Kwani kuna kutopata?

Neno nililohitaji ni "až", nalo ni -takapo- yetu kabisa: Až dostanu peníze, zaplatím, nitakapopata pesa nitalipa. Pesa zinakuja, tunasubiri siku tu. "Až" ina kazi nyingine pia, hasa ya "hadi", lakini wewe anza na hii, hasa kama umepanga nyumba.

-Nge- ni "kdyby", na hapa Mswahili atajisikia nyumbani. Kama vile sisi tunavyotanguliza ni-, u-, a-, wao wanamwonyesha mtenda kwenye mkia wa kiunganishi chenyewe: kdybych ni mimi, kdybys wewe, kdyby yeye, kdybychom sisi, kdybyste ninyi, kdyby wao. Kdybych měl čas, přišel bych, ningekuwa na muda ningekuja. Mwanamke atasema měla na přišla. Ukiishika hiyo umeshaipata na "aby" (ili), maana inanyambulika vilevile: abych, abys, aby, abychom, abyste, aby. Sisi tunasema "nataka uje" na kumaliza. Wao lazima waweke kiunganishi: Chci, abys přišel. Usishtuke kuona kitenzi kina sura ya wakati uliopita ilhali mtu hajaja bado. Mtaani utasikia Wacheki wenyewe wakisema "aby jsme" badala ya abychom. Wao wamezaliwa nayo, waache. Wewe ukiiandika kwenye mtihani utakatwa alama.

"Proto" na "protože" zinafanana kama kurwa na doto. Proto ni "kwa hiyo", protože ni "kwa sababu". Niliwahi kumtumia msimamizi wa zamu ujumbe: "Jsem nemocný, protože nejdu do práce." Yaani, naumwa kwa sababu siendi kazini. Alinijibu kwamba basi dawa yangu anayo.

Zilizobaki ni nyepesi. "Ale" ni lakini, utaikumbuka kwa kumfikiria mtoto anayesubiriwa ale. "Nebo" ni au. "Ani" ni wala, na ukanushi kwenye kitenzi unabaki palepale kama kwetu: Nemám ani čas, ani peníze, sina muda wala pesa. "Že" ni kwamba. Sisi huwa tunaidondosha, "nadhani mvua inanyesha", wao hawaidondoshi kamwe: Myslím, že prší. Na hiyo koma si pambo. Kabla ya že, protože, když, aby na ale inayounganisha sentensi, iweke hata kama mdomo haupumziki.

Kilichonichukua mwaka mzima ni mpangilio. Vineno vidogo kama jsem (kisaidizi cha "mimi" katika wakati uliopita) na se (kama -ji- yetu) hurukia nafasi ya pili, mara tu baada ya kiunganishi. Byl jsem nemocný, nilikuwa mgonjwa. Lakini ukitanguliza protože, inakuwa protože jsem byl nemocný. ("A" na "i", yaani "na pia", hazihesabiwi: A byl jsem nemocný.) Darasani nilielewa, mdomo ukagoma. Aliyeninyoosha ni mtoto wa jirani, miaka sita, tuliyekuwa tukipanda naye lifti. Kila nikisema "protože byl jsem" alikuwa ananikatiza bila huruma, "protože JSEM BYL", kisha anashuka ghorofa ya tatu na begi lake.